Madaftari ya Gerezani

Fundi huisoma mota kabla hajaigusa. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa nikiwa kijana kwenye karakana za Gerezani, mtaa wa Dar es Salaam, na ndilo ninaloanza nalo kila ninapokaa na wanafunzi leo. Ubavuni mwa mota kuna kibati kidogo kilichopigwa ripiti: nguvu yake, volti zake, ampea zake, hezi, mizunguko kwa dakika, namna ya kuunganisha nyaya. Kijana wa siku hizi anayejifunza udhibiti wa mitambo kwenye kompyuta naye huanzia hapo hapo. Anabofya mara mbili mchoro wa mota kwenye kioo, dirisha linafunguka, na ndani yake kuna orodha ya sifa zilezile, kwa mpangilio unaokaribia kuwa uleule.

Kati ya kibati na dirisha hilo kuna zaidi ya miaka mia moja ya historia. Kwa upande wetu, sehemu kubwa yake imepita ndani ya eneo ambalo mtu hulizunguka kwa miguu asubuhi moja: stesheni ya reli, Gerezani, Mtaa wa Msimbazi, Mnazi Mmoja, hadi chuo cha ufundi kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Katikati ya historia hiyo yapo madaftari ya mafundi, ambayo hayamo kwenye maktaba yoyote ninayoijua. Nataka kueleza yalitokeaje, ndani yake mliandikwa nini, na kwa nini naamini kijana mwenye kompyuta anayahitaji kuliko anavyodhani.

Umeme wa umma uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908, chini ya Wajerumani. Haukuwashwa kwa ajili ya watu wa Kariakoo. Ulihudumia karakana za reli na upande wa mji walikokaa maofisa wa kikoloni. Reli ya Kati ilikuwa imeanza kujengwa kutoka bandarini mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na treni haziendi bila karakana. Kwa hiyo mashine za umeme za mwanzo katika mji huu ziliingia kwa njia ya reli, na Waswahili wa kwanza kuzishika walizishika kama vibarua na wasaidizi, si kama watu walioruhusiwa kuzielewa. Waingereza walipochukua nchi wakaunda idara ya serikali ya umeme mwaka 1920, kisha mwaka 1931 kazi ikakabidhiwa kampuni mbili za binafsi: TANESCO, na DARESCO iliyouhudumia mji wetu. Serikali huru ilinunua hisa zao mwaka 1964, na mwaka 1968 zikawa shirika moja, TANESCO tunayoijua.

Ukitaka kujua nchi ilifanya biashara na nani katika kila kipindi, soma vibati. Mota ya Uingereza ilikuja imeandikwa volti 415, na nguvu yake kwa hospawa. Ya Ulaya bara iliandikwa volti 380 na nguvu kwa kilowati. Waya wa mtaani kwetu unaleta volti 400 kati ya fezi na fezi, na 230 kati ya fezi na nyutro, kwa hiyo kila mgeni alipaswa kupimwa kama atatufaa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 viwanda vya umma vilizidi kuota kando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, na kule Ubungo kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mafundi waliokutana na vibati vya herufi za Kichina hawakuhangaika sana, kwa sababu V ilikuwa V, A ilikuwa A, na Hz ilikuwa Hz. Maneno yaliyobaki waliyakisia kwa namba zilizokuwa pembeni yake. Fundi ambaye hakuwahi kuingia darasa la Kiingereza aliweza kusoma mota ya nchi yoyote duniani, na aliisoma sawasawa.

Alisoma sawasawa kwa sababu kosa lake lilinuka. Chukua kibati kilichoandikwa 220/380. Maana yake kila koili inastahimili volti 220, basi kwenye waya wetu wa 400 lazima iunganishwe kwa nyota. Kibati cha 380/660 kinasema koili inastahimili 380, basi hiyo inaunganishwa kwa delta. Ukifungua boksi la nyaya la mota utakuta skrubu sita na vipande vitatu vya shaba. Ukivilaza vipande hivyo mstari mmoja umepata nyota. Ukivisimamisha, kila kimoja kikiunganisha skrubu ya juu na ya chini, umepata delta. Vipande vitatu vya shaba, visivyozidi kidole, ndivyo vinavyoamua kama mota itafanya kazi miaka kumi au itatoa moshi kabla hujamaliza kukunja waya. Kontakta, swichi inayowasha mota, nayo ni hivyo hivyo. Koili yake inaweza kuwa ya volti 24, 110 au 230, na kwa macho zote zinafanana. Kinachozitofautisha ni maandishi madogo pembeni.

Mimi niliingia Gerezani mwishoni mwa miaka ya 1970, kijana wa Kariakoo niliyemaliza darasa la saba. Soko jipya, lile lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa bado linang'aa. Fundi mkuu aliyenipokea alikuwa amejifunza kazi kabla ya uhuru kwenye duka la mkandarasi wa Kihindi, mahali ambapo alibeba ngazi kwanza kabla ya kuruhusiwa kushika testa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwamkia "Shikamoo fundi," alikuitikia "Marahaba" macho yakiwa kwenye kazi, kisha akakuuliza swali kuhusu mota iliyokuwa mezani. Hakukuuliza imeharibika nini. Alikuuliza: "Hii ni nani?" Na ilikuwa haramu kumjibu kwa kubahatisha.

Miaka hiyo ndiyo iliyoyazaa madaftari. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilimaliza fedha za kigeni, mafuta yalipanda bei, na vipuri vikawa adimu. Kiwanda ambacho mota yake iliungua hakikuweza kuagiza nyingine. Mashine ya kusaga kutoka Manzese, pampu ya kisima, feni ya tanuri la mikate, vyote vililetwa Gerezani kwa mkokoteni, na vyote vilitakiwa vitoke vikiwa vizima kwa sababu hapakuwa na mbadala. Ndipo kazi ya kusuka mota, yaani kuitia koili mpya badala ya zilizoungua, ilipokua kutoka ufundi wa wachache hadi tegemeo la mji.

Na mara nyingi mota ililetwa haina kibati. Kilikuwa kimeliwa na kutu ya chumvi ya bahari, au kimefunikwa na rangi juu ya rangi, au kilikuwa kimebanduka siku mota ilipoanguka. Hapo ndipo nilipoona kazi ambayo mpaka leo naiheshimu kuliko kazi nyingine yoyote ya ufundi: kuirudishia mota sifa zake kwa kuiuliza yenyewe.

Kazi ilikwenda hivi. Tunatoa rota, tunabaki na gamba la nje lenye koili zilizoungua. Tunahesabu mifereji ya ndani. Tuseme ni 36. Tunafuata koili moja kwa kidole na kuona imetoka mfereji gani na kuingia upi. Ikiwa imeingia mfereji wa kwanza na kurudi wa nane au wa tisa, ina maana poli moja, yaani ncha moja ya sumaku, inachukua takriban mifereji tisa, basi poli ni nne, na kila fezi ina mifereji mitatu katika kila poli. Kwa hezi 50, mota ya poli nne inafukuzia mizunguko 1,500 kwa dakika, na ikibeba mzigo wake kamili itatulia karibu na 1,440. Hatujawasha chochote, na tayari tumeshajua mwendo wake. Kisha tunapasha moto koili mpaka vanishi ilainike, tunakata kichwa cha koili upande mmoja, na tunahesabu nyuzi. Hesabu hiyo hufanywa na watu wawili mbalimbali, kila mmoja peke yake, na namba zisipokubaliana hurudiwa. Waya tunaupima kwa maikromita baada ya kuuchoma na kuufuta, maana vanishi ikibaki itaongeza unene wa uongo. Mwisho tunapima kipenyo cha ndani na urefu wa chuma, na kutokana na vipimo hivyo fundi mkuu alikuwa anataja nguvu ya mota.

Yote hayo yaliingia kwenye kauntabuku. Kila mota ilipewa mstari wake: tarehe, aina ya mashine inayoendeshwa, nguvu, mifereji, poli, hatua ya koili, idadi ya nyuzi, namba ya waya, muunganisho, uzito wa shaba. Namba za waya ziliandikwa kwa kipimo cha Kiingereza, na humo ndani ya safu hiyo ndimo uhaba wa miaka ile unamoonekana. Kuna mistari ambayo waya ulipaswa kuwa namba 18, wenye unene wa milimita 1.22, lakini dukani haukuwapo. Fundi mkuu akaandika "20 + 21". Nyuzi mbili zilisukwa pamoja, moja ya milimita 0.91 na nyingine ya 0.81. Ukipiga hesabu ya eneo la shaba la nyuzi hizo mbili na kulilinganisha na namba 18, tofauti haifiki hata sehemu moja katika mia. Aliifanya hesabu hiyo kwa penseli kwenye kipande cha boksi la sabuni, na mota ikaenda.

Safu mbili za mwisho ndizo zilizolipa daftari uzito wake. Ya kwanza iliandikwa ampea za mota ikizunguka bila mzigo, zilizopimwa baada ya kusukwa. Ya pili ilikuwa tupu kwa makusudi, ikisubiri habari. Mota ikirudi, aliandika imerudi lini na kwa ugonjwa gani: beringi, maji, fezi moja ilikatika, mteja ameongeza mzigo. Isiporudi, mstari ulibaki mweupe, na huo mweupe ulikuwa sifa nzuri. Kwa hiyo mstari mmoja ulibeba mambo matatu: mota ilivyosemwa kuwa, ilivyopimwa kuwa, na ilivyokuja kuwa.

Wakati sisi tunaandika hivyo kwa penseli, dunia ilikuwa imeshaanza kuyaandika mambo hayo hayo kwa njia nyingine. Mjini Oslo, katika kituo cha kompyuta cha Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa wametengeneza lugha ya kompyuta waliyoiita Simula, na toleo lake la 1967 ndilo lililoleta wazo ambalo leo liko karibu katika kila programu: kwamba kitu ndani ya kompyuta kibebe chenyewe sifa zake na mwenendo wake, na programu ikitaka kukijua ikiulize. Wazo hilo lilizaliwa kutokana na haja ya kuiga mifumo halisi, kama foleni na viwanda, ili ijaribiwe kabla ya kujengwa. Mwaka 1978, huko Lund nchini Sweden, Hilding Elmqvist aliwasilisha tasnifu yake juu ya lugha ya Dymola, ambayo iliruhusu mota, pampu na bomba kuelezwa kila kimoja kwa milinganyo yake na kuunganishwa; kutokana na mkondo huo ikatoka Modelica mwaka 1997. Na Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, Dick Morley na wenzake walikuwa wametengeneza Modicon 084, kidhibiti kinachopangiwa programu, kwa kuwa viwanda vya magari vya General Motors vilichoka kubadilisha nyaya za rilei kila gari lilipobadilika. Hiyo ndiyo PLC.

Kwetu mlango ulikuwa umefungwa. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, hapa hapa mjini. Matumizi yake hayakuleta tija iliyotarajiwa, gharama zikawa kubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Simlaumu aliyefunga mlango kwa nia ya kulinda fedha za kigeni za nchi maskini. Lakini matokeo yake tuyaseme. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa Mlimani mwaka 1973, chuo cha ufundi cha Dar es Salaam kilikuwa kinafundisha tangu 1957, na kizazi kizima cha mafundi na wahandisi kilijifunza udhibiti wa mitambo kwa ubao, karatasi na rilei, huku wenzao wa nje wakiiga kiwanda kizima ndani ya mashine. Katika miaka hiyo kauntabuku la Gerezani ndilo lililokuwa hifadhi yetu ya sifa za vitu. Ulikuwa unakuja na pampu ya aina fulani, fundi mkuu analamba kidole, anafungua kurasa, na anakuambia itavuta ampea ngapi kabla haijawashwa. Kule walikuwa wanaiita kazi hiyo kuiga. Sisi tulikuwa tunaifanya kwa mistari ya penseli iliyorundikana miaka mingi.

Kuanzia 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yalilegezwa, na baada ya Rais Mwinyi kuingia madarakani mwaka 1985 maduka ya Kariakoo yakajaa. Mota mpya zikaja, na za mitumba zikaja nyingi zaidi. Zikaja hata za Kimarekani zilizoandikwa hezi 60 na mizunguko 1,750, ambazo kwetu, kwenye hezi 50, zinazunguka karibu 1,455. Aliyenunua bila kusoma alikuta pampu yake inatoa maji kidogo na hajui kwa nini.

Kisha ukaja ukame na mgao wa umeme wa miaka ya 1990, ukarudi 2006, ukarudi tena 2011. Watu wengi hudhani mota huungua umeme unapokatika. Nyingi nilizozisuka ziliungua umeme ulipokuwapo, lakini dhaifu. Hesabu yake ni nyepesi. Mota ya kilowati 7.5 kwenye volti 400 huvuta takriban ampea 15. Volti zikishuka hadi 330 na mzigo ukabaki uleule, mota italazimika kuvuta karibu ampea 18. Joto ndani ya koili hupanda kwa mraba wa mkondo, maana yake limepanda karibu mara moja na nusu. Na kanuni inayojulikana na kila msukaji ni kwamba kinga ya koili ikizidi joto lake kwa nyuzi 10, umri wake unakatika nusu. Kibati hakikudanganya. Kilisema volti 400, na nguzo ikaleta 330. Madaftari ya miaka hiyo yamejaa neno moja kwenye safu ya mwisho, "volti", mstari baada ya mstari.

Miaka hiyo hiyo kompyuta zilianza kuingia kweli. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliundwa kwa sheria ya 1994, na chuo cha ufundi kikawa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, kwa sheria ya 1997. PLC zikaanza kuonekana kwenye paneli za viwanda. Paneli niliyoizoea ikiwa na rilei nyingi zinazogonga ikawa na kiboksi kimoja kilichonyamaza, na mimi, mtu mzima, nikarudi darasani jioni. Huko ndiko nilikofungua kwa mara ya kwanza dirisha la sifa la mota ndani ya programu ya kuiga mitambo. Nilisoma kilowati, volti, hezi, mizunguko, na nikahisi nimefika nyumbani.

Hapo ndipo ninapoomba vijana wanisikilize, kwa sababu dirisha hilo lina jambo ambalo kibati hakikuwa nalo. Kibati kiliandikwa na mtu mmoja, mtengenezaji wa mota, na namba zake zote zilikuwa za aina moja. Dirisha la programu linachanganya namba za watu mbalimbali kwa herufi za ukubwa mmoja na rangi moja, na halikuambii ipi ni ya nani.

Kijana mmoja alinionyesha kazi yake ghorofani Kariakoo, kwenye chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya umeme, kelele za wapiga debe zikipanda kutoka Msimbazi. Alikuwa ameiga pampu ya maji ya jengo refu, pamoja na mota ya kilowati 7.5 na kianzishi cha nyota na delta.

"Babu, tazama, inazunguka vizuri," aliniambia. "Mizunguko 1,499."

Nikamwomba afungue sifa za mota, tuzisome moja moja.

"Hii 7.5 umeitoa wapi?"

"Kwenye kibati cha pampu ya ghorofani kwetu, babu."

"Na huu msuguano, sifuri?"

Akanyamaza kidogo. "Nimeikuta hivyo."

"Na mzigo?"

"Nao nimeukuta hivyo."

Basi mota yake ilikuwa inazunguka angani, haibebi kitu. Programu haikufanya kosa lolote. Ilipewa mota isiyo na msuguano wala mzigo, ikajibu inavyopaswa. Tulipoweka mzigo wa pampu, mizunguko ikashuka karibu na 1,440 ya kibati, na mkondo wa kuanzia, ambao kwa mota ya namna hiyo hufika kama mara sita ya ule wa kawaida, ukaonekana waziwazi: karibu ampea 90 ukiiwasha moja kwa moja kwa delta, na karibu theluthi yake ukianza kwa nyota. Kijana alielewa papo hapo kwa nini taa za jengo lao hufifia pampu inapoanza.

Tangu hapo nawafundisha wanafunzi kuuliza maswali manne mbele ya kila namba iliyomo dirishani. Je, namba hii imetoka kwa mtengenezaji wa mota? Au nimeiandika mimi? Au imewekwa na mtunzi wa programu ili nafasi isibaki tupu? Au ni matokeo ya hesabu, yaani imepatikana programu ilipoendeshwa? La mwisho linawakwaza wengi. Sifa iliyoandikwa na hali ya sasa ni vitu viwili, na programu nyingi zinavisoma kwa njia mbili. Ukiwa kwenye Simulink, kwa mfano, ukaiagiza kwa amri ya get_param ikusomee sifa ya kipande cha mchoro, itakurudishia yale yaliyoandikwa kwenye kisanduku chake. Kama uliandika jina la kigezo badala ya namba, utarudishiwa jina hilo. Mwendo wa mota katika sekunde ya tatu hautaupata hapo. Unapaswa kuurekodi au kuusoma kwenye waya wa mchoro wakati mfumo unakwenda. Mwanafunzi anayesoma kisanduku akidhani anasoma mwendo yuko sawa na mtu anayesoma kibati na kudhani ameshika mita.

Fundi mkuu wangu hakuwahi kuona programu hiyo, lakini alikuwa amelitatua tatizo lake kwa aina tatu za safu katika kauntabuku: iliyosemwa, iliyopimwa, iliyotokea. Na hilo ndilo linalokosekana kwenye dirisha la kompyuta. Tulipochukua mstari mmoja wa daftari lake, wa mota ya pampu yenye nguvu ileile, tukatia ndani ya programu ampea zake za bila mzigo, ambazo ni sita, mfano wa kijana ulibadilika tabia na kuanza kufanana na mota halisi ya Dar es Salaam, mota ambayo imeshasukwa na inaishi kwenye umeme wetu. Tulipoishusha volti hadi 330, mkondo ukapanda kama ulivyokuwa ukipanda kwenye mita zetu wakati wa mgao. Kijana alikuwa hajazaliwa wakati wa mgao wa 1994. Aliuona pale kwenye kioo, kutokana na penseli ya mtu aliyekwisha kufariki.

Madaftari haya yanakwisha. Karakana zimehamahama kila barabara inapopanuliwa, wazee wamekufa, warithi wamegawana zana na kuuza karatasi kwa wafunga maandazi. Moto wa Soko la Kariakoo wa tarehe 10 Julai 2021 ulituonyesha mali ya miaka mingi inavyoteketea kwa usiku mmoja. Mota mpya za bei nafuu nazo zimefanya watu waone kusuka hakuna faida, na anayeacha kusuka haoni sababu ya kutunza daftari.

Ninachoomba kinawezekana. Mwenye daftari alipige picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, afute majina ya wateja, na alipeleke chuo chochote cha ufundi kilicho karibu naye. Walimu wa udhibiti wa mitambo wawape wanafunzi wao mistari hiyo waiingize kwenye programu badala ya namba walizozikuta, na kando ya kila sifa waandike imetoka kwa nani. Kazi ya muhula mmoja ya darasa moja ingetosha kuokoa daftari zima. Nimeshaanza na la fundi mkuu wangu. Wanafunzi wameingiza kurasa zake za mwanzo, na wameongeza safu moja ambayo yeye hakuwa nayo, ya jina la aliyepima. Naona wamefanya vyema, kwa sababu atakayeisoma mota hiyo miaka hamsini ijayo atataka kujua amwamini nani.